Mwongozo kwa Mabosi wa Westlands: Pandeni Matatu Mkajifunze

Bosi, kabla hujawapeleka wafanyakazi wako Naivasha kuvuta kamba wakiwa na fulana za rangi moja, panda matatu ya namba 23 kutoka mjini hadi Kangemi. Kaa karibu na mlango, ufungue macho.

1. Gawa kazi, kisha usiiguse. Usukani ni wa dereva. Mlango na nauli ni vya konda. Dereva haoni anayening'inia mlangoni, lakini konda akigonga bodi, gari linaondoka. Hakuna kikao. Wewe unayetaka nakala ya kila barua pepe, hebu toa mkono mlangoni.

2. Funga hesabu jioni. Mwenye gari hangoji mwisho wa mwaka. Siku ikiisha anapelekewa hesabu yake, mafuta yanalipwa, kinachobaki dereva na konda wanagawana. Kila mtu analala akijua siku ilikwendaje. Kosa la Machi lizungumzwe Machi. Ukiliweka hadi tathmini ya Desemba, mwenzako atakuwa amelisahau nawe umefuga kinyongo.

3. Weka lengo linalojua kuna mvua. Mwenye gari anayedai kiasi kilekile hata mvua ikiwa imekwamisha Waiyaki Way anawasukuma vijana wake kupita kando ya barabara na kupandisha nauli. Kanuni za matatu za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilileta mikanda, sare na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Lakini kidhibiti mwendo hakimpunguzii dereva deni la jioni. Ofisini nako, lengo lisilofikika huzaa ripoti za kupikwa. Ukiletewa takwimu tamu kupita kiasi, jiulize uliwabana vipi.

4. Hapa usiige matatu. Bima ikiisha, wanaosimamishwa na askari ni dereva na konda, ilhali kuilipia ni kazi ya mwenye gari, naye yuko nyumbani. Uaminifu wote wa njiani huvunjikia hapo. Bosi, kosa lako usiwaachie walio chini yako.

Kwa hiyo anza Ijumaa hii. Waite wote, taja uamuzi wako mmoja uliochelewesha kazi, na useme utaurekebisha siku gani. Ukishamaliza, ndipo uwaulize wao wamefikia wapi.