Madebe Ishirini na Moja

Huko Tumati, Mbulu, wanyama walikuwa na mkuyu wao kando ya kijito. Mwenye habari alipanda, akasema, wenzake wakasikia: wapi maji yamepungua, Chui kalala wapi.

Siku moja Kunguru akatangaza moto ambao haukuwapo. Wanyama wakakimbia ovyo, vifaranga wa Kanga wakakanyagwa. Msiba ule ulikuwa wa kweli, na mwenyekiti Nyani hakukosea kukasirika. Dawa yake ndiyo iliyokuwa mbaya. Aliamuru kila apandaye mkuyu alete debe moja la mahindi la kuombea kibali, madebe kumi ya kibali chenyewe, na kumi mengine ya ada ya mwaka. Shinani akamweka Tumbili.

Watanzania tunaijua hesabu hiyo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Machi 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za mwaka. Asiye na leseni alingojwa na faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni mwaka huohuo jukwaa la mtandaoni la JamiiForums likafunga milango kwa muda.

Basi nani alilipa? Kunguru. Ghala lake lilikuwa limejaa. Asubuhi ileile akarudi tawini. Mlembe, ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye asali, hana shamba wala ghala. Akanyamaza. Hapo ndipo panaponiuma: ada ilimpitisha mwongo, ikamzuia maskini.

Kiangazi kikaja. Mlembe akamwona Chui amejibanza nyuma ya jiwe pale kivukoni, ncha ya mkia ikichezacheza kwenye majani. Akaruka mbio hadi kwa Tumbili.

"Kibali kiko wapi?"

Juu, Kunguru alikuwa akitangaza kwamba kivukoni ni shwari. Mtoto wa Swala akatangulia kunywa.

Barazani Nyani akauliza mbona hakuna aliyeonya. Mama Swala hakungoja jibu. Alikwenda hadi shinani, akapaza sauti ikafika ng'ambo ya bonde: Chui bado yuko nyuma ya jiwe!

Tumbili akamdai kibali au faini.

"Niandikie hiyo faini, baba," mama akamjibu, "ila kwanza kawaite wanao. Wako kivukoni wanachezea maji."