Sita au Tisa

Kwa miaka mingi niliishi na wakwe zangu kwa amani, nikidhani ni kwa sababu ya tabia yangu njema. Kumbe amani ile ilikuwa imeshikiliwa na kapasita mbili zilizokauka, kila moja na ukubwa wa kipande cha chaki.

Spika zangu ni za miaka ya 1970, maboksi mawili ya mbao yanayonifika kiunoni. Nilizinunua kwa mtumishi mmoja aliyepata uhamisho, akagoma kuhangaika nazo kwenye treni hadi Tabora. Ndizo zilizopiga muziki wa harusi yangu mwaka 1998, Mpanda ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa. Mwaka 2012 tukapewa mkoa wetu wenyewe, Katavi. Mkoa ukabadilika, spika zikabaki kona ile ile.

Harusi ilirekodiwa kwenye kaseti, na humo mna hotuba ya marehemu baba mkwe. Anafika penye mahari, anasema, "Kijana huyu ameahidi ng'ombe," kisha sauti inaingia chini ya blanketi. Unasikia i, unasikia a, basi. Mimi nilikuwa nimepeleka ng'ombe sita. Karatasi ya makubaliano ililiwa na mchwa, mshenga alishatangulia mbele za haki, na kila kaseti ilipopigwa nilimsaidia marehemu kwa sauti ya juu: "Sita!" Watoto wangu wamekua wakijua hivyo.

Kiswahili nacho hakikuwa upande wa haki. Wanne, watano, wanane, hao ungewatambua hata ukiwa ndani ya pipa. Lakini sita na tisa hazivai kiambishi. Irabu zake ni zile zile, na tofauti yake ni s na t zilizobadilishana viti.

Kiherehere kilinianza siku kijana wangu aliporudi likizo na kispika cha kuchaji, kidogo kama kikombe. Akapiga wimbo, akatazama maboksi yangu, akasema kwa adabu zote, "Baba, hizi zako zinaongea kama mtu mwenye mafua." Usiku huo sikulala. Asubuhi nikachukua bisibisi.

Ndani ya boksi la kwanza nilikuta nyumba ya nyigu, ya udongo mkavu, imejengwa kwenye tundu la besi bila kibali changu. Chini yake kulikuwa na krosova, kibao chenye koili ya shaba na kapasita. Nikawaza: umeme wa muziki unapita kwenye hiki kidude, kidude kimezeeka, basi niweke waya umpite mzee. Nikaunga waya. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikaimba! Nikaita watu waje wasikie. Nikaongeza sauti ili wasikie vizuri. Kikaja kijiharufu kama cha nywele zinapounguzwa saluni, kisha kimya.

Nikabeba maboksi kwa bajaji hadi kwa fundi redio jirani na soko. Aliusikiliza mkasa wangu kama daktari anayesikiliza mgonjwa aliyekunywa dawa ya ng'ombe.

"Mzee wangu," akasema, "kapasita ni mlinzi wa mlangoni. Sauti nene anaizuia, nyembamba anairuhusu iende kwa twita. Wewe umemfukuza mlinzi, viboko wamelala kwenye mchicha."

Akanieleza kwamba ndani ya kapasita ya aina ile kuna karatasi iliyoloweshwa maji ya dawa, na baada ya miaka ishirini, thelathini, maji yale hukauka. Yangu iliandikwa maikrofaradi 4.7, mita ikaonyesha haifiki hata 1. Mlinzi kazeeka mpaka anamzuia kila mtu. Tatizo likawa moja: kapasita ya krosova haina chanya wala hasi, kwa kuwa umeme wa muziki huenda na kurudi, na yeye alikuwa na zenye chanya na hasi tu, kutoka kwenye televisheni mbovu. Akachukua mbili za 10, akaziunganisha hasi kwa hasi.

"Hapo umepata 5," akasema. "Inatosha kabisa."

"Kumi na kumi ni tano?"

"Zikifuatana hivi, ndiyo."

Ningekuwa na akili ningeshtuka pale pale. Dukani ambamo kumi na kumi ni tano, sita nayo haiko salama.

Alipokuwa akiyeyusha risasi, mzee mmoja aliyekuja na redio yake alitukumbusha kwamba mji huu wenyewe ulikuzwa na risasi: Waingereza walileta reli kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba. Nikatikisa kichwa kwa heshima. Kumbe tone moja tu la risasi lilikuwa linanitosha mimi.

Nyumbani nikaunga nyaya, besi ikatoweka. Nikaanza kumlaani fundi. Kijana wangu akachungulia nyuma, akageuza nyaya za spika moja, besi ikarudi. Nilikuwa nimezikosea, wufa moja, yaani spika ya besi, ikisukuma, mwenzake ikivuta, zinakulana.

Jioni ile mama mkwe alikuwa amefika kutoka Inyonga na dumu la asali. Mimi, kwa kujionyesha, nikaweka kaseti ya harusi. Lo! Tulisikia benchi likilia, kuku wakigombana, hata msonyo wa shangazi uliokuwa umefichika miaka yote. Sauti ya s hukaa juu, kwenye Hezi 4,000 na zaidi, na huko ndiko twita inakotawala. Baba mkwe akakohoa. "Kijana huyu ameahidi ng'ombe tisa."

"Sita!" nikapaza kwa mazoea. Nikajikuta peke yangu.

Mke wangu akasema taratibu, "Baba watoto, hebu rudisha kidogo hapo."

Nikarudisha mara tatu. Mara zote tatu ile s ilipiga mluzi katikati ya neno.

Mama mkwe hakunitazama. Alitazama spika, akahesabu vidole, akashusha pumzi. "Jamani, kumbe baba yenu hakuwa anaweweseka. Siku zile za mwisho alikuwa anawaulizia watatu waliobaki, tukadhani ni homa." Kisha akanigeukia kwa upole mkubwa: "Fundi wako anajua kazi, baba."

Nimejumlisha gharama za matengenezo. Kapasita nne za televisheni mbovu, twita moja ya mtumba, risasi kidogo, nauli ya bajaji, na ng'ombe watatu. Hao wana kiambishi, wanasikika vizuri.