Udaktari wa Mita Moja ya Mraba

Anza kwa kuchagua mlima wenye jina. Ukimwambia mfadhili unataka kuhesabu majani ya kilima cha nyuma ya shule, atasinzia. Taja Kilimanjaro, atakaa sawa kitini. Swali liwe fupi: je, joto likipanda, mimea ya juu nayo hupanda? Usijibu mapema. Andika "huenda", kineno kitakachokukinga hadi siku ya kutetea tasnifu mbele ya jopo.

Kisha vibali: COSTECH ya sayansi na teknolojia, TAWIRI ya utafiti wa wanyamapori, na wenyewe wa hifadhi. Wakati ukisubiri, jifunze tabia za dendrosenesio, ule mti mnene wa Kilimanjaro usiodondosha majani yake makavu. Huyaacha yakalizunguka shina, usiku wa baridi kali yakawa blanketi lake. Nao hukua taratibu mno. Mtaelewana.

Ukifika juu, tandaza fremu yako ya mita moja kwa mita moja, iliyogawanywa kwa uzi kuwa vijumba 100, upige magoti uanze kuhesabu. Utaratibu huu, unaoitwa GLORIA, ulianza milima ya Ulaya mwaka 2001, na unakutaka urudi kiraka kile kile baada ya miaka kadhaa, mitano hadi kumi hivi. Ufadhili wako ni wa miaka mitatu. Usimuulize msimamizi kuhusu hilo. Naye alikuwa mwanafunzi.

Dawa ya ufupi huo wa muda ni kutafuta marehemu aliyehesabu vizuri. Waswisi wamebahatika: mwaka 1835 Oswald Heer alipanda Piz Linard, akakuta kileleni aina moja tu ya mmea. Waliorudi mwaka 2011 walikuta 16. Sisi tuna Olov Hedberg wa Sweden, aliyezunguka milima ya Afrika Mashariki mwaka 1948 na kutuachia maelezo ya kina. Mshukuru, halafu ulalamike kwamba hakuwa na GPS.

Idadi ya aina ikiongezeka kileleni, mwandishi wa habari atakupigia simu kukupongeza. Mweleze taratibu kwamba wageni wametoka chini, na kwamba wenyeji wa juu wakizidiwa hawana pa kuhamia, kwa sababu mlima umeishia hapo. Ataandika "Mimea Yastawi".

Sasa ugumu. Grafu yako inatakiwa ipande, lakini Kilimanjaro hausomi mapendekezo ya utafiti. Andreas Hemp, aliyeufuatilia mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha kwamba ukavu umeleta moto, na moto umeiteketeza misitu ya erika ya juu hadi mpaka wa msitu ukashuka kwa mamia ya mita. Umeshuka! Tena misitu hiyo ndiyo hukinga ukungu na kuugeuza maji yanayoteremka kwenda vijijini, kiasi kinachozidi kwa mbali yale yanayotoka kwenye barafu. Ila barafu ina wapigapicha, ina vipindi vya televisheni, ina watu wa kuililia kwa lugha kumi. Erika ni kichaka cha kupitwa na mtalii anayetafuta pa kujisaidia. Kama unataka ufadhili wa pili, weka barafu kwenye jalada na erika ndani.

Kuhusu kubadili kichwa cha tasnifu baada ya ugunduzi huo: usibadili. Fomu yake ina sahihi nyingi kuliko kibali cha kupanda mlima.

Mwisho, ukurasa wa shukrani. Mfadhili atangulie, msimamizi afuate, kisha wazazi, mchumba, na Mwenyezi Mungu kwa mpangilio utakaoona unafaa. Wapagazi waliobeba fremu, mahema na unga waingie kwenye "na wengine wote". Mmoja wao ndiye aliyekuonyesha moto wa Oktoba 2020 ulikopita na kinachochipua sasa penye majivu, jambo lililokupa sura nzima ya nne. Lakini ukurasa ni mmoja, na chuo hakiruhusu kupunguza ukubwa wa herufi.