Bingwa wa Maegesho

Pale Kimbo, hatua chache kutoka barabara kuu ya Thika, kuna Prado iliyojiandaa kwa mwisho wa dunia. Imeinuliwa springi hadi mke wa mwenyewe hupandia stuli. Mbele ina winchi. Ubavuni, bomba la kuvutia hewa limepanda mpaka usawa wa paa, eti ikivuka mto injini isinywe maji. Juu kuna hema, koleo, na taa zinazoweza kumulika Ruiru nzima. Matairi yake ya matope yana meno ambayo hayajawahi kuuma kitu ila lami.

Mvua ikinyesha, Prado hufunikwa turubai. Matope, mzee hutueleza, yanaharibu rangi. Siku hizo yeye hupanda bodaboda, na Probox kuukuu iliyosheheni magunia ya viazi huwapita ikiteleza kiubavu-ubavu, bila winchi wala maombi.

Lakini tusimdharau jirani. Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989 ili kuchangisha fedha za kuzungushia msitu wa Aberdare uzio, hayamtuzi mwenye kasi. Bingwa ni yule anayefika vituo vyote akiwa ameendesha umbali mfupi kuliko wenzake. Kwa ufupi wa umbali, mzee wetu hana mpinzani Kenya nzima. Zimebaki zile habari ndogondogo za vituo. Atazishughulikia baadaye. Wiki hii fundi anamfungia friji.