Sifa za Mheshimiwa Kiduha

Binadamu husifiwa kwa nasaba, elimu, subira na ukarimu. Kwa vipimo hivyo vinne, ni aibu kwamba gugu liitwalo kiduha halijawahi kusomewa risala. Wakulima wa Shinyanga na Tabora humng'oa huku wakimtukana. Kule Siaya na Homa Bay, Waluo humwita kayongo na kumlaani kwa jina hilo. Naomba nafasi nimtetee.

Nianze na nasaba. Kiduha ni Mwafrika halisi. Alikuwa akiishi na mtama na uwele wetu kabla meli hazijaleta punje ya kwanza ya mahindi kutoka Amerika. Mtama, kwa kuwa wamejuana muda mrefu, una mbegu kadhaa zilizojifunza kumkwepa. Mahindi ndiyo yaliyohamia kwake bila kuuliza desturi za mwenyeji. Na kwa umbo amejaliwa: ndugu mmoja huchanua zambarau iliyopauka, mwingine, mfupi zaidi, huchanua nyekundu. Shamba lililomshinda mwenyewe, mahindi yamefika magotini yakageuka manjano, Kiduha hulipamba likapendeza kama bustani ya ofisi ya mkuu wa mkoa.

Elimu yake ndiyo inayonishangaza zaidi. Mzizi ukipungukiwa na fosforasi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni, kwa kiasi kidogo mno, kuwaita fangasi wa udongoni. Simaanishi wale wa vidole vya miguu. Hawa huingia ndani ya mzizi, wakatandaza nyuzi zao mpaka mahali mzizi usikofika, wakarudi na fosforasi. Mmea nao huwalipa sukari na mafuta. Mkataba huo una umri wa miaka zaidi ya milioni 400, na sehemu kubwa ya mimea ya nchi kavu inauheshimu hadi leo. Kemikali ya kwanza ya jamii hiyo ilitambuliwa mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, ikapewa jina kutokana na jina la kitaalamu la Kiduha, Striga, kwa sababu ilijulikana kwamba ndiyo inayoamsha mbegu zake. Wataalamu wakabaki wanajiuliza: mmea gani huu unaomwita adui yake? Mwaka 2005 ndipo ilipofahamika kwamba wito ulikuwa wa fangasi. Mheshimiwa alikuwa anadukua mazungumzo ya watu, na alikuwa ameyaelewa kabla ya maprofesa.

Subira yake je? Mbegu yake ni vumbi. Ukiishika kiganjani utadhani umeshika ugoro. Mche mmoja hutoa makumi ya maelfu, na kila moja inaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi ikisubiri. Mvumilivu hula mbivu. Akiba iliyomo ndani ya mbegu humtosha siku chache tu baada ya kuota, kwa hiyo hawezi kubahatisha. Lakini wito wa mzizi hausafiri mbali, wala haudumu udongoni: akiusikia, anajua chakula kipo umbali wa milimita kadhaa. Huota, huunyoosha mzizi wake, hujibandika, hutoboa, akajiunga na mishipa ya mwenyeji. Akishachomoza juu ya ardhi, matundu ya majani yake hubaki wazi hata jua likiwaka, na maji humfuata yeye. Mmea wa mhindi hunyauka kwenye udongo wenye unyevu, na jirani mwenye macho mekundu akaanza kutazamwa vibaya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tunampa Kiduha, ila wiki kadhaa za kwanza huzimaliza chini ya ardhi. Akitoa ua, ameshakula na kusaza.

Kwa ukarimu, hana choyo na watoto wake. Huwagawa kwa tope la jembe la kuazima, kwa kwato za ng'ombe, kwa debe la mbegu alilotuma shemeji. Amefika hata Marekani: mwaka 1956 yule ndugu mwenye maua mekundu alitambuliwa katika mashamba ya majimbo ya Carolina. Wamarekani walimwekea karantini, kisha wakapiga ethilini udongoni, gesi ile ile inayoivisha ndizi, ili mbegu zake ziote pasipo mhindi na kufa kwa njaa. Vita hiyo iliwachukua miongo kadhaa. Kwetu anapata mapokezi ya heshima zaidi.

Wapo wanaomwita mwizi. Mimi namwita mkaguzi, tena asiyekula rushwa. Hustawi zaidi mahali udongo ulipofilisika, na sababu imo katika wito ule ule: mzizi wenye njaa huita sana, mzizi uliokwisha kupata fangasi wake na fosforasi yake hupunguza kuita. Sasa tuangalie sisi tunafanya nini. Tunapanda mahindi juu ya mahindi. Mavuno yakiisha tunatia kiberiti mabua, tukiunguza chakula cha bakteria, fangasi, minyoo na mchwa waliokuwa wayageuze kuwa mbolea. Samadi tunaiuza. Udongo unabaki na wakazi wachache, mhindi unalia kwa sauti ya juu usiku na mchana, na anayeitika haraka ni yule aliyesubiri miaka kumi. Kosa lake liko wapi?

Maadui zake, nakiri, wameanza kumsoma. Miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, walipanda mmea uitwao desmodiamu katikati ya mahindi ili kuwafukuza funza wa mabua. Wakashangaa kuona kayongo naye anapotea. Mizizi ya desmodiamu huzifanya mbegu zake ziote, kisha huzuia mzizi mchanga kujibandika. Na kwa kuwa ni jamii ya kunde, hushirikiana na bakteria kuongeza naitrojeni. Magharibi mwa Kenya wakulima wengine wameletewa fangasi anayemuua Kiduha mwenyewe, amepakwa kwenye vijiti vya kuchokolea meno. Wanamkuza juu ya wali, kisha wanamtia kwenye shimo pamoja na punje. Kumbe hata fangasi wamechoka kudukuliwa!

Kwa hiyo mpenzi wa Kiduha asilale. Aendelee kuchoma mabua, asichanganye mazao, asipoteze shamba lake kwa kunde na karanga, na mkokoteni wa samadi ukipita auelekeze kwa jirani. Anayetaka Mheshimiwa aondoke ana kazi ndefu zaidi: amng'oe kabla hajatoa mbegu, msimu baada ya msimu, na wakati huo huo awalishe wale wasioonekana kwa macho, ambao mhindi ulikuwa unawaita tangu mwanzo. Kiduha hatalalamika kwa uamuzi wowote. Yeye hajawahi kuja bila kuitwa.