Mama, Mumeo Amegoma Kuvaa Buti

Uppsala, Uswidi
Februari

Kwako Mama, na wote wa nyumbani kwetu Ngamiani mtakaosomewa barua hii,

Sisi huku hatujambo, isipokuwa mafua, na mafua huku hayahesabiwi ugonjwa. Ni mpangaji: anahamia Oktoba, anahama Aprili, kodi halipi.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imeshindikana. Kila nikipiga ya video ili mtuone, mumeo, huyu mjukuu wako mdogo, anaipora, anaitia mdomoni, nanyi mnabaki kuhesabu magego. Siku akitulia, mnawaona watoto wamekaa kwenye kochi, wameoga, wamepakwa mafuta, na Shangazi anasema, "Jamani, Ulaya raha!" Shangazi, nakuamkia kwa heshima zote, lakini hizo ni dakika tano za siku nzima. Zilizobaki nawaandikia hapa.

Nianze na mumeo, Mama, maana najua ndiye unayemuulizia kwanza. Hajambo. Anatembea, anapanda juu ya kila kitu, anashuka kwa kichwa, na amekuwa mtu wa msimamo. Wenyeji wa huku wanasema hewa mbaya haipo, iliyopo ni nguo mbaya. Aliyeanzisha maneno hayo nadhani hakuwahi kumvika buti mtoto asiyetaka. Kabla hatujatoka nje, mumeo avae fulana ya sufu inayobana, suruali ya sufu, soksi juu ya soksi, sweta, ovaroli lenye zipu inayoanzia gotini hadi kidevuni, kofia inayoziba masikio, na glavu yenye dole gumba peke yake. Hayo yote anayapokea kwa subira ya bwana harusi. Ikifika zamu ya buti anakunja vidole vya mguu. Na mtoto aliyekunja vidole, Mama, humvalishi buti hata ukiunda kamati. Nikifanikiwa mguu wa kulia na kugeukia wa kushoto, wa kulia umeshavuliwa. Wakati huo dada yake, wajina wako, yupo mlangoni, ameshavaa tangu zamani, jasho linamtoka, ananiambia kwa sauti yako ileile: "Baba, mbona unachelewesha watu?"

Mjomba aliniuliza majuzi, kwa upole wa mtu anayejiandaa kutoa pole, kama nimefukuzwa kazi, maana kila akipiga mchana ananikuta nyumbani nina mtoto mgongoni. Hapana Mjomba, ghalani bado wananitambua. Niko likizo ya malezi. Hapa mtoto akizaliwa, wazazi wawili wanapewa siku 480 za kugawana, na nyingi kati ya hizo zina malipo yanayokaribia asilimia 80 ya mshahara. Ndani yake siku 90 zimetengwa kwa ajili ya baba na 90 kwa ajili ya mama. Asiyezitumia zinapotea, hawezi kumpa mwenzake. Likizo hii ilifunguliwa kwa akina baba mwaka 1974, na wanaume wa huku nao mwanzoni hawakuikimbilia. Ikabidi serikali ibandike mabango ya mnyanyua uzito mashuhuri, Lennart Dahlgren, mtu wa mikono minene, kakumbatia kichanga, ili wenziwe waone kwamba misuli haiyeyuki.

Kwetu sheria inampa baba siku tatu, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu zinatosha kupokea hongera na kukopa hela ya akika. Mimi huku mkweo akienda zamu yake kwenye nyumba ya wazee, nabaki na mumeo, tunakwenda bustanini. Huko nakutana na akina baba wenzangu, majitu marefu yenye ndevu, kila mmoja na kigari chake, tunajadili rangi ya kinyesi. Mjomba, tulikuzwa kwenye vijiwe vya mashabiki wa soka wa Coastal Union na African Sports, watu wakikaribia kushikana mashati. Hapa nimeona wanaume wawili wakikaribia kushikana mashati juu ya umri wa kumwachisha mtoto nyonyo.

Sasa Mama, kaa chini kwanza. Mumeo mchana analala nje. Usiite watu. Ndiyo desturi ya huku: mtoto anaingizwa kwenye mfuko mzito wa kulalia, analazwa ndani ya kigari, kigari kinawekwa kibarazani, na theluji iko pale pale inamtazama. Hata chekechea ya wadogo utakuta vigari vimepangwa ukutani, kila kimoja kina pua moja nyekundu. Mara ya kwanza nilisimama dirishani sikutoka, nikitunga maneno ya kuwaeleza Ngamiani. Mumeo alilala mpaka nikaenda kumsogezea kidole puani nione kama anapumua. Ndani ya nyumba, kwenye kitanda cha fedha nyingi, hamalizi hata nusu saa.

Mzee jirani yetu wa huko Ngamiani ameuliza tunawachapa na nini, nchi isiyo na mpera. Mzee wangu, hatuwachapi. Uswidi ilikataza kuchapa watoto mwaka 1979, ikiwa nchi ya kwanza duniani, na hata kofi la mzazi nyumbani kwake limo. Chekechea nako wanafundishwa mapema kwamba mwili wako ni wako, ukisema basi ni basi. Wajina wako somo hilo amelielewa kuliko mwalimu.

Jumapili moja mkweo alimkalisha amsuke. Alipofika katikati ya kichwa, wajina wako akainua kiganja, askari wa usalama barabarani mtupu, akasema, "Basi. Nywele ni zangu." Mkweo akabaki na kitana mkononi. Angekuwa Ngamiani, kichwa kingebanwa katikati ya magoti na kazi ingeisha. Hapa tulitazamana mimi na yeye, tukatazama ukutani, tukaacha. Jumatatu mtoto akaenda chekechea nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, na walimu wakamsifu kwa kujua anachotaka. Kilichotuamulia ni kofia ya sufu. Ilimvutavuta ile nusu isiyosukwa kutwa nzima, na jioni akaja mwenyewe na kitana, akajikalisha, akasema, "Mama, malizia, ila polepole." Mzee wangu, huku fimbo ni baridi, na haishitakiki.

Peremende nazo zina siku yake, Jumamosi. Bunge halikupitisha, ni mila tu, lakini inashikwa kuliko sheria. Siku hiyo dukani wazee kwa watoto wanachota peremende kwa vijiko na kupima mizani. Wajina wako hajui kusoma saa, hajui tarehe, ila Jumamosi anaijua kwa harufu.

Hayo ni ya kuchekesha. Sasa niseme yale ambayo kwenye simu huwa nawaambia "tupo salama".

Majira ya baridi huku yana virusi vyake vya kutapika. Mwezi uliopita viliingia chekechea, na wajina wako, mtoto mkarimu, akatuletea. Alianza yeye usiku wa manane, shuka nzima. Nikabadilisha. Akafuata mumeo, juu ya shuka mpya na juu yangu. Mkweo alikuwa zamu ya usiku. Basi nilikuwa mimi, vichwa viwili na ndoo moja, na kila kichwa kinaidai ndoo wakati uleule.

Sisemi kwamba nchi imetutupa. Mtoto akiugua, mzazi anabaki nyumbani kumuuguza na serikali inamlipa, hapo pia karibu asilimia 80 ya mshahara, hadi siku 120 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 12. Na lazima abaki, kwa sababu chekechea yetu haimpokei aliyetapika mpaka zipite saa 48 akiwa mzima. Ada ya chekechea ina kikomo, chakula cha mchana kimo humo. Posho ya mtoto ni krona 1,250 kwa mwezi, awe mtoto wa mkurugenzi au wa mpakua mizigo. Fedha ipo, Mama, na siku zipo. Lakini saa nane usiku krona haishiki ndoo. Ngamiani mngekuwa mmeshaamka: wewe umempakata huyu, Shangazi kaingia na khanga begani, mtu kachemsha maji ya mchele, na jirani wa ukuta wa pili anagonga kuuliza kulikoni.

Kulipokucha nilikuwa na beseni la shuka, na huku mtu hafui anapotaka. Jengo zima lina chumba kimoja cha kufulia, kule chini, na ubao wa zamu. Kila nyumba ina kikufuli chake, unakitia kwenye siku na saa yako, na zamu ya mtu haiguswi. Ukichelewa kutoa nguo zako kwenye mashine, utakuta kikaratasi kilichoandikwa kwa adabu kubwa na hasira kubwa zaidi. Nikashuka na beseni, mumeo mgongoni ndani ya khanga uliyotutumia. Ubao umejaa wiki nzima. Nimesimama pale, akaingia bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, ambaye tangu tuhamie salamu yetu ni kutikisa kichwa na kusikitikia mvua. Akanitazama, akalitazama beseni, akanusa. Hakuuliza kitu. Akachomoa kikufuli chake kwenye zamu ya asubuhi ile, akakihamishia Alhamisi usiku, saa ambayo hakuna mtu anayeitaka, akanielekeza mashine ya pili ndiyo inayofua vizuri. Jioni tukakuta mlangoni biskuti kavu na pakiti ya blåbärssoppa, uji wa matunda madogo ya buluu ambao wenyeji huwapa watoto tumbo likichafuka. Mumeo aliumaliza, na meno yake yakawa ya buluu mpaka kesho yake.

Kwa hiyo Shangazi, ukisikia wanasema wazungu hawana habari na mtu, usiitikie haraka. Huruma wanayo. Hodi ndiyo hawapigi.

Raha nazo zipo. Desemba jua huku linatoka karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri, na watoto wanaenda chekechea gizani na kurudi gizani, wamevalishwa vizibao vya kung'aa. Theluji ikianguka giza linapungua, na wajina wako analala chali katikati ya njia, anapanua mikono, hataki kuinuka. Glavu ya mtoto ikidondoka, mpita njia anaiokota na kuivisha kwenye ncha ya uzio ili mwenyewe aione. Inakaa hapo siku na siku, hakuna mwizi. Wajina wako kila akipita anaipungia mkono, maana anaona nayo inampungia.

Na adabu zako hazijapotea, Mama. Shikamoo anampa kila mwenye mvi: dereva wa basi, muuza maua, na mbwa mzee wa jirani. Bibi wa ghorofa ya tatu tumeshamfundisha kuitikia. Sasa akitukuta kwenye ngazi haangalii tena chini. Anasimama kabisa, anaisubiri shikamoo yake, na asipopewa anakohoa.

Sasa nifikie shabaha ya barua. Tangu Julai 2024 sheria ya hapa inaruhusu mzazi kumgawia mtu mwingine, hata bibi wa mtoto, hadi siku 45 katika zile siku za malezi, na bibi akalipwa kwa kulea. Niliposoma hapo niliruka, nikakuona wewe unalipwa krona kwa kumwimbia mumeo. Nikaendelea kusoma: sharti huyo bibi awe kwenye bima ya jamii ya Uswidi. Basi Mama, ulikuwa mtumishi wa serikali kwa muda wa aya moja.

Malipo hakuna, lakini kazi ipo. Viza ya kutembelea inafika siku 90, na barua ya mwaliko nimeshaiandika. Njoo Juni. Januari usije hata kama mumeo atakulilia. Juni jua linazama saa nne usiku na kurudi alfajiri hujapata hata usingizi wa pili, na watoto wanakataa kulala kwa hoja kwamba bado mchana. Hoja hiyo mimi na mkweo tumeshindwa kuijibu. Wewe utaijibu kwa jicho moja, na jicho, nimeuliza, halijakatazwa.

Nyama na maziwa usibebe, forodha watavitupa. Khanga lete mbili, ile moja imechakaa mgongoni kwangu. Ubuyu lete wa kutosha, ila ukifika nikabidhi mimi, nitautoa Jumamosi.

Pasipoti yako imekwisha muda. Mjomba akupeleke Uhamiaji Jumatatu hii asubuhi, siyo "wiki ijayo Inshallah".

Mwanao,
Baba wa wajina wako