Mwembe Uani

Mwenye mwembe uani ana faida moja kubwa: hakosi wageni. Ifikapo Desemba, dodo zikianza kuiva, jamaa walioadimika tangu msiba wa mwaka juzi hukumbuka kuja "kukujulia hali", kila mmoja na kiroba kitupu kwapani. Watoto wa mtaa hawapigi hodi. Wao husalimia kwa jiwe, na jiwe halibagui embe na bati.

Kivuli kipo, sikatai. Kinyozi na wacheza bao wanakifaidi kuliko mwenye nyumba, ambaye muda huo anafagia. Mwembe una majani mabichi mwaka mzima, maana yake hupukutisha bila likizo. Ukikwea kuchuma, utomvu wa kikonyo unakubabua mdomo. Usiku ni zamu ya popo: wanakula juu, kokwa zinadondokea bati, nawe unaamka ukidhani mwizi.

Lakini thubutu kushika shoka! Jirani asiyewahi kuokota hata jani moja atakuja mbio kukuhutubia habari za mazingira na mabadiliko ya tabianchi, tena embe mkononi.